Twataka stima, twataka na mbuga: mpaka tuuweke wapi?

Mbuga ya Hell's Gate na vituo vya umeme vya Olkaria vimeishi boma moja kwa zaidi ya miaka 40. Makala haya yanaangalia kila upande umepata nini, umepoteza nini, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mpangaji wa orofa ya nne jijini Nairobi.

NI Jumapili, saa tatu za asubuhi. Kwenye njia panda ya barabara ya Moi South Lake, kusini mwa Ziwa Naivasha, vijana wamepanga baiskeli za kukodisha kwa safu kama muuza mitumba apangavyo viatu. Matatu inasimama na kuteremsha kundi la wanafunzi wenye mikoba mgongoni. Nyuma yake linafika gari dogo la kibinafsi, ndani mna baba, mama, watoto watatu na kikapu cha chapati. Baada ya dakika chache za kubishana bei, wote wako juu ya baiskeli wakielekea lango la Elsa.

Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu, ni miongoni mwa mbuga chache mno nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Huhitaji gari la watalii. Punda milia wako hatua chache kutoka barabarani, ngiri wamepiga magoti wakila nyasi, naye twiga anakutazama kutoka juu kana kwamba ni wewe uliyeletwa kutazamwa. Kwa familia ya mjini isiyo na gari, na kwa mwanafunzi wa chuo anayehesabu nauli, mbuga hii ya kilomita mraba 68, iliyo takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, ndiyo nafasi ya karibu ya kuiona nchi yao ilivyokuwa kabla ya kujengwa mabarabara na majumba.

Nilikwenda huko na binti yangu wa miaka tisa. Tulikuwa tumeupita mwamba uitwao Fischer's Tower, tukiwa katikati ya majabali mekundu yaliyosimama wima kushoto na kulia, alipofunga breki ghafla na kunyoosha kidole. Kwa mbali, juu ya vilima, mawingu meupe ya mvuke yalikuwa yakipanda angani.

"Mama, kule kuna nani anayepika?" akauliza.

Swali hilo lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi ni kwamba kule kunapikwa stima. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu wanaopikiwa ni sisi wa mjini, na jiko limetiwa nyumbani kwa wengine.

KITUO KILITANGULIA

Wengi wanaofika Hell's Gate na kuyaona mabomba hudhani kwamba mitambo ya umeme iliivamia mbuga. Historia haisemi hivyo.

Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, lakini matokeo hayakuridhisha na kazi ikaachwa. Ilifufuliwa katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipopanda duniani kote na nchi zisizo na visima vya mafuta zikaanza kutafuta kilicho chini ya miguu yao. Umoja wa Mataifa ulisaidia katika utafiti huo. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukaanza kutoa megawati 15. Kufikia mwaka 1985 kituo hicho kilikuwa na mitambo mitatu na jumla ya megawati 45.

Kwa msomaji asiyezoea hesabu hizi, megawati moja ni wati milioni moja. Inatosha kuwasha kwa pamoja globu laki moja za wati 10.

Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa rasmi mwaka 1984. Yaani mtambo wa kwanza ulikuwa tayari ukinguruma kwa miaka mitatu siku serikali ilipoamua kwamba korongo la Ol Njorowa, majabali yake na wanyama wake ni mali ya kuhifadhiwa. Waliochora mipaka ya mbuga walijua kwamba wanaweka hifadhi na kiwanda ndani ya ua mmoja.

Kwa miaka mingi ndoa hiyo haikuwa na kelele nyingi. Kituo kilikuwa kidogo, mbuga ilikuwa kubwa. Mambo yalibadilika baada ya ukame wa mwaka 1999 na 2000. Wasomaji wenye umri wanaukumbuka vizuri mwaka huo. Mabwawa ya Mto Tana yalikauka, umeme ukagawanywa kwa zamu, vinyozi wakakaa milangoni wakisubiri stima irudi na watoto wakasoma kwa kibatari. Nchi ilitambua kwamba kutegemea mvua ili kuwasha taa ni kujitia kitanzi, kwani mvua haina mkataba na mtu.

Mvuke wa ardhini haujali kiangazi. Ndipo Olkaria ikaanza kupanuka kwa kasi. Kampuni ya kibinafsi ilianza kuzalisha umeme upande wa magharibi mwaka 2000. Kituo cha Olkaria II kilifuata mwaka 2003 na kuongezewa mtambo mwaka 2010. Olkaria IV, chenye megawati 140, kilianza kazi mwaka 2014. Mwaka 2019 kikaja Olkaria V na mwaka 2022 mtambo mwingine ukaongezwa katika Olkaria I. Kutoka zile megawati 15 za mwanzo, leo Kenya huweza kupata zaidi ya megawati 900 kutokana na mvuke, karibu zote kutoka vilima hivi. Kati ya kila taa kumi zinazowaka nchini, nne hivi huwashwa na mvuke wa ardhini.

Wala si taa tu. Takriban robo tatu ya Wakenya sasa wana umeme nyumbani. Nani atakayethubutu kumwambia mama wa Kayole arejee kwenye koroboi ili mimi na binti yangu tuone kilima kisicho na bomba?

JINSI MVUKE UNAVYOGEUKA STIMA

Bonde la Ufa ni mahali ambapo ardhi inajitanua polepole na kupasuka. Chini ya Olkaria kuna mwamba wa moto wa volkeno ulio karibu na uso wa nchi kuliko kwingineko. Maji ya mvua yanayopenya ardhini kwa miaka na miaka huufikia mwamba huo yakachemka, yakabaki yamefungiwa kama uji ndani ya sufuria yenye kifuniko kizito.

Kazi ya wahandisi ni kutoboa kifuniko. Visima vya siku hizi hufika kina cha kilomita tatu hivi, ambako joto huweza kuzidi nyuzi 300 za Selsiasi. Mchanganyiko wa mvuke na maji hupanda kwa nguvu nyingi. Juu ya ardhi hutenganishwa. Mvuke husafirishwa kwa mabomba hadi kituoni, ukazungusha magurudumu yenye mapanga, nayo yakazungusha jenereta. Maji yaliyobaki, ambayo yana chumvi na madini, hurudishwa chini ya ardhi kupitia visima vingine, yasije yakatia sumu udongo na mabwawa ya wanyama.

Hakuna makaa ya mawe yanayochomwa wala moshi mweusi. Lakini mvuke huo hutoka na gesi, na mojawapo ni ile yenye harufu ya yai viza ambayo mgeni huinusa kabla hata hajakiona kituo. Kisima kinapojaribiwa hutoa mngurumo wa kutisha, ingawa vifaa vya kupunguza sauti hutumika. Halafu kuna barabara za malori, viwanja vilivyosawazishwa kwa ajili ya mitambo ya kuchimbia, nyaya za umeme na kilomita nyingi za mabomba yanayong'ang'ania vilima kama mizizi ya mgumu.

Kwa hivyo tunaposema kwamba kawi hii ni safi, tunasema kweli kuhusu hewa ya dunia. Kuhusu mandhari ya mahali penyewe, neno hilo lahitaji kupimwa.

TWIGA NA MABOMBA

Mgala muue na haki yake umpe, wahenga walinena. Yapo mambo yaliyofanywa vyema Olkaria, na yafaa yasemwe.

La kwanza ni mabomba yenyewe. Ukipita katika barabara za huko utaona kwamba kila baada ya masafa fulani bomba hupinda, likapanda juu, likavuka na kushuka tena kama mlango usio na ukuta. Mapindo hayo husaidia chuma kutanuka kinapopata joto, lakini mahali pengine yameinuliwa makusudi ili wanyama wapite chini yake. Nyati na punda milia hupita, na twiga mwenye shingo ndefu naye ana mlango wake. Mabomba mengi yamepakwa rangi ya udongo na majani ili yasimchome mtazamaji machoni.

La pili ni namna ya kuchimba. Zamani kila kisima kilihitaji kiwanja chake. Siku hizi visima kadhaa huchimbwa kutoka kiwanja kimoja, kila kimoja kikielekezwa kwa mshazari upande wake huko chini. Hivyo kichaka cha leleshwa ambacho kingefyekwa mara nne hufyekwa mara moja.

La tatu ni kwamba Shirika la Wanyamapori, KWS, na kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, wamejifunza kukaa meza moja. Kampuni imefungua bwawa la kuogelea lenye maji ya moto yatokayo ardhini, na siku hizi wapo wageni wanaokuja kwa ajili ya bwawa hilo na kuondoka bila kumwona punda milia hata mmoja.

Hata hivyo, kuna wasioweza kuketi mezani. Majabali ya Hell's Gate ni makao ya tumbusi wa aina ya Rüppell, ndege mkubwa ambaye tangu mwaka 2015 amewekwa na wanasayansi wa dunia katika orodha ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Ndege huyu hujenga kiota katika nyufa za majabali, hulea kinda mmoja tu kwa mwaka, na hutegemea upepo unaopanda kutoka korongoni ili aruke. Nyaya za umeme ni mtego kwa ndege wa ukubwa huo, kwa sababu hawezi kuzikwepa haraka. Mwenzake, tai mkubwa mwenye ndevu ambaye sifa yake ni kula mifupa, alikuwa akizaliana katika majabali haya haya zamani. Leo hayupo tena. Ukisimama chini ya jabali lake, utakachokiona ni madoa meupe ya vinyesi vya ndege wengine.

Mandhari nayo haina wakili. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa maelfu ya miaka iliyopita, wakati Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa zaidi na maji yake yakafurika kuelekea kusini. Mwaka 1991 wachoraji waliokuwa wakitayarisha filamu ya The Lion King walikuja hapa kutazama majabali na nyika, na filamu hiyo ilipotoka mwaka 1994 watoto wa dunia nzima waliiona sura ya Bonde la Ufa bila kujua jina lake. Bomba likichakaa huondolewa, kisima kikifa huzibwa. Lakini jabali likilipuliwa ili barabara ipite, hakuna fundi wa kulirudisha.

WALIOHAMISHWA

Nimezungumza juu ya wanyama na mawe. Nimewaacha watu mwisho, kama ilivyo desturi yetu, na hilo ni kosa.

Jina Olkaria si jina la kampuni. Ni neno la Kimaasai, maana yake udongo mwekundu ule ambao wao hujipaka katika sherehe. Wamaasai walilipa jina kila pindo la nchi hii kabla ya mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer kufika hapa mwaka 1883 na mwamba kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai wengi kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Waliobaki au kurudi waliendelea kuchunga mifugo kati ya mashamba ya wengine.

Kuhusu mwamba huo wa Fischer's Tower, Wamaasai wana hadithi yao. Alikuwa binti wa kiongozi, aliyekuwa akienda kuolewa. Alikatazwa asigeuke kutazama nyuma. Moyo ulimshinda, akageuka kukitazama kijiji chake mara ya mwisho, akawa jiwe pale pale.

Karne moja na ushei baada ya uhamisho ule wa walowezi, wapo waliotakiwa kuhama tena. Ili kujenga Olkaria IV, familia takriban 155 za vijiji vinne ziliondolewa mwaka 2014 na kupelekwa kwenye ardhi ya ekari 1,700, mahali ambapo sasa huitwa RAPland. Walijengewa nyumba za mawe, shule na zahanati. Kwa kuzitazama picha, mkaazi wa mjini angesema wamebahatika.

Lakini mfugaji haihesabu ardhi kwa ekari tu. Huuliza kama ina nyasi, kama ng'ombe atateremka bila kuvunjika mguu, na kama mvua haitaifanya mifereji. Huuliza pia ni umbali gani hadi sokoni na hadi kwa watalii waliokuwa wakinunua shanga za akina mama katika kijiji cha utamaduni. Mwaka huo huo wa 2014 baadhi ya waliohamishwa walipeleka malalamiko yao kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mikopo kwa mradi huo. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza na kupata kwamba taratibu kadhaa za benki yenyewe hazikufuatwa. Mazungumzo ya upatanishi kati ya wakaazi na kampuni yakafanywa, na mwaka 2016 kukatiwa sahihi makubaliano kuhusu marekebisho.

Jambo moja katika kisa hicho ni funzo kwetu sote. Wachungaji wa Olkaria walipata sikio la benki za ng'ambo kwa sababu waliandika, wakafuatilia, wakaketi kuzungumza. Lakini ingekuwa bora mara kumi kama maswali yale yangejibiwa kabla ya lori la kwanza kupakia vyombo.

Kuna jambo jingine ambalo humshangaza mgeni. Minara mikubwa ya umeme hupita juu ya manyatta ambazo usiku ni giza. Sababu ya kifundi ipo: umeme unaosafirishwa kwenda mbali huwa na msukumo mkubwa mno, na hauwezi kuingizwa nyumbani mpaka upite kwenye kituo kidogo cha kuupunguza. Lakini sababu ya kifundi si jibu kwa mtoto anayesomea kwa kibatari huku stima ya Nairobi ikivuma juu ya paa lao.

HAKUNA KAWI ISIYO NA KIVULI

Pengine msomaji atasema: basi tuiache Olkaria, tutafute kwingine. Na tutafute, lakini tuwe na macho.

Mwaka 1981, mwaka ule ule mtambo wa kwanza wa Olkaria ulipoanza, bwawa la Masinga lilikamilika kwenye Mto Tana. Ziwa lake likijaa hufunika takriban kilomita mraba 120, yaani karibu mara mbili ya mbuga nzima ya Hell's Gate, na kituo chake hutoa megawati 40. Ni kweli kwamba maji hayo huvisaidia pia vituo vilivyo chini yake. Hata hivyo, bonde lililozama halitembelewi tena kwa baiskeli.

Huko Lamu, palipendekezwa kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, si mbali na mji wa kale ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wakaazi walikwenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na mwezi wa Juni 2019 jopo hilo likafuta leseni ya mradi, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukilinganisha moshi wa makaa na mvuke wa Olkaria, huhitaji mwalimu wa sayansi kukuambia lipi ni bora.

Nao upepo? Kule Kipeto, kaunti ya Kajiado, kuna mitambo ya upepo ya megawati 100. Tumbusi huruka huko pia. Watu wameajiriwa kuchunguza anga, na tumbusi anapokaribia, mtambo ulio njiani mwake husimamishwa mpaka apite. Jambo hilo lina gharama, lakini linaonyesha kwamba mashine inaweza kumpisha ndege ikiwa mwenye mashine amekubali hivyo tangu mwanzo.

Kwa hivyo swali halisi si kama tutoe umeme au tusitoe. Swali ni wapi, kiasi gani, na nani aulizwe kwanza. Swali hili litazidi kuwa kali. Makadirio ya serikali yanasema kwamba Bonde la Ufa linaweza kutoa hadi megawati 10,000 za mvuke. Visima vimeshachimbwa Menengai karibu na Nakuru, ambako kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 2023, na vingine viko Paka, kaunti ya Baringo. Kila mahali hapo pana kilima chenye jina, msitu au malisho, na mtu aliyezaliwa hapo.

MPAKA UWEKWE WAPI?

Baada ya kuzunguka Hell's Gate kwa baiskeli na kwa kalamu, maoni yangu ni haya.

Kwanza, tumalize kilicho sahanini kabla ya kupakua kingine. Mitambo ya kwanza ya Olkaria I ilikuwa imezeeka, na KenGen ilipanga kuikarabati ili itoe megawati 63 badala ya 45. Hizo ni megawati 18 zaidi bila kufyeka kilima kipya. Hiyo ndiyo njia ya kutangulizwa: mitambo ya zamani ifanywe upya, na viwanja vilivyokwisha kusawazishwa vitumiwe tena.

Pili, yawepo mahali pasipoguswa kabisa, na pajulikane mapema. Majabali ya tumbusi, korongo la Ol Njorowa na njia za wanyama za kwenda majini visiwe vitu vya kujadiliwa upya kila mradi unapokuja. Mpaka unaosogezwa kidogo kila mwaka mwishowe hauzuii kitu.

Tatu, mwenye ardhi ale kwanza. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inasema kwamba ada inayolipwa serikali kwa ajili ya mvuke igawanywe: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali penyewe. Fungu la tano kwa mia si kubwa, lakini ni haki iliyoandikwa. Linafaa kuonekana kwa macho, likiwa karo, maji au waya wa stima kwenye manyatta.

Nne, na hapa ndipo ninapokugeukia wewe msomaji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Sheria inataka kila mradi mkubwa ufanyiwe uchunguzi wa athari zake kwa mazingira, na ripoti itangazwe magazetini ili wananchi watoe maoni. Matangazo hayo hufichama katika kurasa za zabuni na minada, kwa herufi ndogo ndogo. Wengi wetu huyaruka tukitafuta matokeo ya kandanda. Mwanafunzi wa chuo anayesoma jiografia au sheria angeweza kulichukua tangazo moja kama hilo na kulijadili na wenzake darasani, kisha wakaandika barua yenye hoja. Lamu haikuokolewa kwa miujiza.

Wala tusisahau lililo mikononi mwetu. Kila taa iwakayo katika chumba kisicho na mtu, kila televisheni inayowaongelesha viti, ni mvuke uliopita chini ya miguu ya twiga bure. Hatuwezi kudai kilima kisiguswe huku tukiutumia umeme kama maji ya mvua.

Tulirudi Nairobi jioni hiyo tumechoka, vumbi la Olkaria limetuganda kwenye viatu. Ngazi zilikuwa na giza, kama kawaida ya jumba letu. Nilifungua mlango, nikabonyeza swichi, sebule ikaangaza.

Binti yangu alisimama akaitazama globu kwa muda, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata siku moja.

"Hii ndiyo ile ya kule kwa twiga?" akauliza.

Nikamwambia huenda ndiyo, kwani sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwenye mvuke kama ule.

Alifikiri kidogo. Kisha akaenda chumbani mwake, ambako asubuhi tulikuwa tumeiacha taa ikiwaka, akaizima.